Nani Atabeba Cherehani ya Roda?

Kariandusi, Jumapili, mwezi wa nane, 1957

Baridi. Manyunyu yalianza alfajiri na mpaka sasa hayajaamua kama yatakuwa mvua au yatarudi yalikotoka. Ziwa halionekani. Vumbi jeupe la mgodi limelowa likawa uji, na kila anayepita mbele ya nyumba yetu ana miguu kama ya mtu aliyekanyaga ndoo ya maziwa.

Roda ameenda kanisani. Mimi nimebaki na mguu wangu. Huu mguu huuma Jumapili asubuhi peke yake, saa ya chakula unapona. Roda amekwisha kuuzoea.

Basi naandika. Darasa la pili nilimaliza, la tatu niliona kwa dirisha tu, kwa hiyo anayetafuta mikato na nukta hapa atapata taabu. Atafute maneno.

Jambo lenyewe ni kwamba tunahama.

Mgodi umeniambia nimezeeka. Waliniambia kwa heshima, wakanipa chai kwanza, kana kwamba ni habari ambayo ingeniangusha. Nimechimba haya mawe meupe, mepesi kama mkate uliokauka, tangu mashimo yakiwa mafupi, na sasa nyumba hii ya laini ya wafanyakazi inatakiwa na kijana mwenye mgongo. Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Sina ubishi. Hata mimi ningekuwa mgodi ningejifukuza.

Tunarudi kwetu, mbele ya Kakamega kidogo, kwa boma la marehemu baba. Na hiyo si safari ya kubeba kikapu. Unatoka hapa mpaka Nakuru, unapanda mlima wa Mau kwenye baridi na tope, unateremka Kericho, unafika Kisumu umechoka, halafu unaanza kupanda tena. Mtu peke yake atapata basi. Lakini sisi tuna kitanda, kabati, meza, masufuria, kuku, magunia ya mahindi niliyoyachanganya na unga wa mgodi ili fukusi wafe. Na cherehani ya Roda.

Vile vingine vyote vikianguka mtoni nitasema pole, nitanunua vingine au nitakaa bila. Cherehani ni habari nyingine.

Ni ile ya kukanyaga na miguu, na meza yake ya chuma. Roda ameshona nayo kaptura za nusu ya watu wa mgodi huu, sare za shule, magauni ya arusi ya wasichana wa Gilgil ambao sasa ni bibi za watu na hawaingii tena kwenye yale magauni. Lakini si kwa sababu hiyo. Niseme ile sababu yenyewe, maana hapa hakuna anayesikia.

Mungu alitupa binti mmoja, Tabitha, naye ameolewa upande wa Uganda. Mtoto wa kiume hatukupata. Huku mgodini hakuna anayeuliza, kila mtu ana vumbi lake. Kule nyumbani watauliza kabla hatujashusha kitanda. Wake za ndugu zangu wamezaa wavulana wamejaa boma zima. Mwanamke akiingia uzeeni kwa boma la namna ile bila mwana, anakaa kando ya moto wa wenzake akingoja kupewa. Lakini akiingia na cherehani, ni wao watakuja kwake na vitambaa vyao, na wao ndio watangoja.

Roda anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Alinieleza mara moja tu, akiwa na pini mdomoni, wala hakuinua macho.

"Mzee, mashine ikifika na mimi nitafika. Isipofika, usinitafute. Nitateremka hapo hapo tutakapoambiwa imepotea."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaacha kucheka.

Kwa hiyo mwezi huu wote kazi yangu imekuwa moja: kutafuta mtu wa lori ninayeweza kumwamini. Nimegundua kwamba ni rahisi zaidi kutafuta mke.

Wa kwanza hakutafutwa. Alijileta. Ni Zakayo, ndugu yake Roda, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye ana lori Nakuru akishirikiana na wenzake. Alikuja na mkate, sukari na kofia mpya. Akakaa kwenye kiti changu, akachinjiwa jogoo, akakunja mikono ya shati.

"Shemeji," akasema, "mimi sijawahi kupoteza hata sindano ya mtu. Mzigo wako ni mzigo wangu."

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

Maana Zakayo nimemsikia. Mwalimu mmoja alihamishiwa Eldoret, vitu vyake vikabebwa na Zakayo. Godoro lilipanda lori likiwa zima, likashuka likiwa nusu. Zakayo alieleza kwamba ni mvua. Sijui ni mvua ya aina gani inayokata godoro kwa kisu. Bibi mmoja wa Molo alipokea kabati bila milango, akaambiwa siku hizi kabati za kisasa ndivyo zilivyo. Na yule bibi akakubali! Ndivyo Zakayo alivyo. Anakuibia mpaka unamshukuru.

Lakini utasemaje? Kwetu shemeji haulizwi. Ulimchukua dada yake ukaenda naye, kwa hiyo mpaka kufa kwako wewe ndiye mwenye deni. Na mimi zaidi, kwa sababu ng'ombe niliowapeleka walikuwa wamekonda, mmoja alisukumwa mlima mzima na watu wawili. Ule upande wao hawajasahau. Mtu aliyepeleka ng'ombe wa kusukumwa hana mdomo wa kuuliza habari za godoro.

Nilichoweza ni kwenda Nakuru kulisalimia lori. Mimi gari silijui ndani, lakini nina kitu kimoja ninachotazama: lile gogo. Kila lori linalopanda Mau lina kipande cha gogo ambacho taniboi, msaidizi wa dereva, anakimbia nacho nyuma, gari likishindwa na mlima anakitupa chini ya gurudumu lisirudi. Gogo lililotafunwa linakuambia gari limeshindwa mara nyingi na mara zote likasimama. Nikazunguka lori la Zakayo mara mbili. Rangi nzuri, maua yamechorwa mlangoni. Gogo hakuna.

"Shemeji, gogo lako liko wapi?"

"La nini? Gari yangu hairudi nyuma."

"Hata ikitaka?"

Akacheka sana, akanipiga begani, akaniambia mimi ni mzee wa mchezo. Nikarudi nyumbani. Roda akaniuliza, "Umeongea na Zakayo?" Nikasema nimeongea naye. Hapo sikudanganya. Akasema, "Vizuri, ni damu yangu." Nikanyamaza. Hapo ndipo ilipoanzia taabu yote, kwenye huko kunyamaza.

Wa pili ilikuwa kampuni ya mizigo pale Nakuru, ya Wahindi, yenye ofisi, meza, na karani wa kwetu aliyevaa tai. Watu safi. Kila kitu kina namba. Mzigo unafungwa, unapelekwa Kisumu, unawekwa stoo mpaka mwenyewe aje. Nikamwuliza karani, "Na mimi na mke wangu tunakaa wapi?"

"Nyinyi mnapanda basi, mzee. Lori ni la mzigo peke yake."

"Kwa hiyo nani anakaa na cherehani njiani?"

"Inakaa na karatasi zake."

Sikuona kosa lolote kwake. Lakini nikifikiria kumwambia Roda kwamba cherehani yake inapita Mau usiku ikiwa na karatasi peke yake, na sisi tuko kwa basi lingine, naona zile pini mdomoni. Nikamshukuru karani. Gari la moshi ni habari hiyo hiyo, tena pale stesheni hata tai hawana.

Wa tatu ni Elija.

Huyu anabeba viazi na kabichi kutoka Dundori, na akienda Gilgil anasimama pale kwenye duka la mgodi. Mtu mrefu, mwembamba, koti limeisha viwiko. Ni mlokole, wale waliookoka. Mimi na walokole hatugombani, ila huwa nawapita mbali kidogo, kwa sababu ukimsalimia mlokole habari ya asubuhi anakupa habari ya dhambi zake tangu utotoni, na mimi nikisikia dhambi za wenzangu nakumbuka zangu, siku inaharibika.

Lakini nilitazama gogo lake. Limetafunwa upande mmoja mpaka limekuwa kama kiatu. Na pembeni lipo lingine jipya limefungwa kwa kamba.

Nikamwendea. "Bwana asifiwe," akasema. Nikasema asifiwe, nikaishia hapo. Nikamweleza safari. Akaweka gunia chini, akavua kofia.

"Mzee, kabla hujaendelea, lazima nikwambie. Mimi ni mwizi."

"Bado?"

"Niliokoka."

"Zamani?"

"Mwaka juzi."

"Hujakaa sana."

Hakukasirika. Akaniambia yote, pale mbele ya watu wanaonunua chumvi. Zamani akiendesha lori la mtu mwingine alibeba vitu vya familia moja kwenda Molo, akashusha njiani taa yao ya karabai, akaiuza, pesa akazinywa. Alipookoka alifanya kazi mpaka akapata kununua nyingine kama ile, akaipeleka mwenyewe kwa wale watu. Akabisha hodi, akasema, mimi ndiye niliyeiba taa yenu, hii hapa. Mwenye nyumba akachukua taa, halafu akamfungulia mbwa. Elija akapandisha suruali akanionyesha kovu, bila kujivuna, kama mtu anayeonyesha njia.

Halafu akaanza kulisema lori. Gia ya pili inaruka. Linavuja mafuta. Kwenye mlima mkali abiria watateremka watembee. Usiku haendeshi kabisa, giza likiingia anasimama mahali penye watu analala chini ya gari. Na kila kitu tutakachopakia kitanuka kitunguu.

Nikamwuliza, "Wewe huwa unapata wateja kweli?"

"Wachache, mzee."

Nikacheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani. Mmoja anasema hajawahi kupoteza sindano. Mwingine anasema mimi ni mwizi na gari langu ni bovu. Na mimi, mzee niliyechimba mawe, nakuta moyo umelala kwa yule mwizi. Si kwa ajili ya wokovu wake. Wokovu unaweza kuteleza kama gia ya pili. Ni ile taa. Watu wengi wanaweza kutubu kanisani, ambako hakuna mbwa.

Basi nikapanga. Elija nikamwambia Jumanne, asubuhi na mapema. Zakayo nikamtumia salamu kwamba safari imesukumwa mbele, mgongo wangu unanisumbua. Roda sikumwambia kitu. Nia yangu ilikuwa Jumanne lori la viazi lifike mlangoni, niseme lile la shemeji limeharibika, tupakie haraka haraka, tuondoke, na aibu itufuate polepole nyuma. Ulikuwa mpango mzuri. Hata sasa nikiuangalia naona ulikuwa mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba niliuweka mkononi mwa mtu anayetubu.

Ijumaa Elija akasikia sokoni kwamba mimi ni shemeji wa Zakayo. Mtu mwingine angenyamaza afurahie. Yeye akaona moyoni mwake amemwonea mwenzake wivu, akatamani mteja wake, akampata kwa kificho. Na walokole jambo likiwa hivyo hawalali nalo. Akaendesha lori mpaka Nakuru, na kabichi zake nyuma, akamtafuta Zakayo, akamshika mkono mbele ya madereva wote.

"Ndugu Zakayo, nisamehe. Nimechukua mzigo wa shemeji yako wa Jumanne."

Hapo ndipo Zakayo alipojua kuna Jumanne.

Jana mchana tulikuwa ndani. Roda anashona, mimi nasokota kamba nikisema ni za mbuzi. Zakayo akaingia bila hodi.

"Shemeji, mgongo haujambo?"

"Unaendelea."

"Nasikia Jumanne utakuwa umepona kabisa. Utapona ndani ya lori la kabichi!"

Mguu wa Roda ukasimama. Ile mashine ikinyamaza, nyumba yetu inakuwa kubwa.

"Jumanne gani?" akauliza.

Nikarudi kwenye kamba yangu. Zakayo ndiye aliyejibu, akasimulia yote, na kwa kweli alisimulia vizuri, hata mimi nilitaka kujua itaishaje. Alipofika mahali pa kusema "bwana yako ameona mimi ni mwizi, ameona heri mwizi wa kanisani," sauti ilikatika kidogo. Sikutegemea. Nikaona kwamba ameumia, na kwamba mtu anaweza kuwa mwizi wa magodoro na bado akaumia vizuri tu.

Na katikati ya hayo, nje, lori likazima. Elija akabisha hodi.

"Mzee, nimekuja kukuambia kwamba nimekusema kwa Zakayo."

"Nimeshaambiwa."

"Basi nimechelewa. Nisamehe na hilo la kuchelewa."

"Ingia," Roda akasema. "Kaeni wote."

Wakakaa, mmoja kwenye kiti changu, mwingine kwenye gunia la mahindi. Mimi hakuniambia nikae. Nikasimama karibu na mlango kama askari wa mgodi.

Roda akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Halafu akamgeukia ndugu yake.

"Zakayo. Mashine hii ikipotea njiani, utafanya nini?"

"Haiwezi kupotea, dada. Ipotee vipi na mimi niko?"

"Nimesema ikipotea."

"Nitakununulia nyingine! Mpya kuliko hiyo!"

"Na wakati ninaingoja hiyo mpya, wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa wapi namna gani?"

"Nitakuona?"

Zakayo akatazama kofia yake. Akasema biashara ya lori ina mambo mengi, dada, leo uko Kitale kesho uko Thika. Roda akaitika polepole, kama mtu anayepima nguo na kukuta imepwaya palepale alipodhani.

"Na wewe wa viazi. Ikipotea?"

Elija akaweka kofia magotini, akafumba macho. Nilidhani anaomba.

"Mama, kununua nyingine sina uwezo. Nisikudanganye. Lakini nitakuja mpaka mlangoni kwako, nikwambie imepotelea wapi, na mimi nilikuwa nafanya nini wakati inapotea."

"Nikikutukana?"

"Utanitukana."

"Shemeji zangu wakikupiga? Ni wengi."

"Nimezoea, mama."

Roda akaweka mkono juu ya kichwa cha cherehani, vile unavyoweka kwa mtoto mwenye homa.

"Utabeba wewe," akasema.

Zakayo akasimama. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akavaa kofia. Akitoka namna ile, mlango wa kwao Roda unafungwa. Mwanamke asiye na mwana kwa mume, na asiye na ndugu kwa baba, hiyo cherehani ingekuwa ya kushonea nini? Nikatafuta neno. Mimi huwa sikosi neno, hata la upuuzi. Jana nilikosa.

Ni Roda tena.

"Zakayo, kaa chini. Siku ninaolewa, nani alinipeleka?"

"Marehemu kaka."

"Ndiyo, alitembea na mimi mpaka mlangoni, wakaona kwamba nina watu. Sasa naingia boma lile mara ya pili, na safari hii siingii kuzaa, naingia kuzeeka. Niingie peke yangu? Waseme mzee aliniokota Gilgil?"

Zakayo akarudi kwenye kiti.

"Lori litakuwa la huyu. Lakini atakayenipeleka ni wewe. Kichwa cha mashine nitakifungua, utakipakata wewe mwenyewe, mpaka mlangoni."

Akafikiria. Akavua kofia. Nadhani hajawahi maishani mwake kubeba mzigo wa mtu juu ya mapaja yake, ambako hauwezi kupungua.

"Nitakupeleka, dada," akasema. Halafu akamgeukia Elija kwa ukali, maana mtu lazima abaki na kitu. "Lakini wewe uendeshe vizuri!"

"Nitaendesha vizuri. Ila ndugu, ndani ya gari yangu hakuna pombe."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Na huwa tunaimba."

"Mpaka Kisumu?"

"Mpaka tufike."

Hapo nikacheka, samahani, sikuweza. Zakayo akanitazama vile mtu anavyomtazama shemeji aliyeleta ng'ombe wa kusukumwa. Haki yake.

Waliondoka pamoja. Roda akarudi kwenye mashine akamaliza ile sare aliyokuwa akishona. Chakula tulikula. Hakunisema, hakununa, hata chumvi ilikuwa ya kutosha. Nilidhani yamekwisha.

Leo asubuhi, akifunga kitambaa kichwani kwenda kanisani, akasimama mlangoni na mgongo kwangu.

"Wale wawili niliwauliza," akasema. "Wewe hata mimi hukuniuliza."

Akaenda.

Mwanzo nilidhani anasema juu ya malori. Nikaanza kujitetea moyoni: ningekuuliza, ungemchagua ndugu yako, cherehani ingefika bila sindano. Nilijitetea vizuri sana, peke yangu hapa, nikajipa ushindi.

Halafu nikaona kwamba si malori.

Mgodi uliponiambia nimezeeka, nilirudi nyumbani nikasema, "Roda, tunarudi kwetu." Kwetu. Yeye huku ana kanisa lake, wateja wake, majina ya watoto wa watu wote kichwani. Kule ana moto wa wenzake na swali la wavulana. Na alichofanya ni kutaja cherehani tu. Akaniachia mlango mmoja mdogo wa kumwuliza, mimi nikaupita nikienda kutazama magogo ya malori.

Kumbe shemeji si yeye niliyekuwa namkwepa. Mtu kama Zakayo unaweza kumkwepa mwaka mzima na bado unacheka. Nilichoogopa ni kwamba nikimwuliza Roda, atasema hapana.

Na akisema hapana, Jumanne nitapakia nini?

Nimejaribu kuliandika hilo swali hapa, nilione lina sura gani. Roda, wewe mwenyewe unataka kwenda? Si refu. Halina hata neno gumu, mtu wa darasa la pili anaweza kulisema. Mimi mwenyewe nimepita Nakuru nzima nikiwauliza watu waliovaa tai na watu waliotoboka viwiko, nikaona nina akili ya kupima wanadamu.

Watu wanatoka kanisani. Nasikia akina mama kwenye laini wakiagana, na sauti yake iko katikati, anamwambia mtu gauni liko tayari aje alichukue kesho. Anacheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo ndani ya nyumba ilikuwa lini.

Zile kamba zitafungwa kesho, kama kuna cha kufunga. Sasa nakwenda kumfungulia mlango, na nitamwuliza kabla hajavua viatu.